Busha na Matende katika Bonde la Kyela: Habari za Maradhi ya Zamani na Uganga wa Siku Hizi

1. Nchi na maradhi yake

Mtu atokaye Tukuyu akishuka kuelekea ziwani huona nchi ikibadilika mbele yake. Huiacha baridi ya Rungwe na mashamba ya chai, hata afike katika tambarare ya Kyela, ambako maji ya Ziwa Nyasa yako kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka milimani na kuingia ziwani, na katika miezi ya masika hufurika. Watu wa Bujonde na jirani zao hulima mpunga katika ardhi hiyo ya maji, na mchele wao wasifiwa mpaka Dar es Salaam.

Lakini maji yale yale yaletayo mpunga huzaa mbu. Na mbu wa nchi hii, licha ya kuleta malaria ambayo kila mtu aijua, wameleta maradhi mengine ambayo watu huyataja kwa kunong'ona. Mwanamume huvimba mfuko wa korodani, ukajaa maji, naye huitwa mwenye busha, au ngiri maji. Mwingine, mume au mke, huvimba mguu hata ngozi yake ikawa ngumu na yenye mikunjo, nayo ndiyo matende. Kabla ya hayo yote huja mitoki, na homa yenye kutetemeka, inayokwenda na kurudi kwa miaka mingi.

Katika kitabu hiki cha jubilii zimeandikwa habari nyingi za makanisa na shule. Yafaa kuandika pia habari za uganga, na hasa za maradhi haya mawili, kwa sababu katika historia yake twaweza kuona wazi jinsi matibabu yalivyobadilika, na ni nani aliyesahauliwa nyuma.

2. Waganga wa kwanza katika ziwa hili

Zamani za wazee wetu hakuna aliyejua kwamba mbu na mguu uliovimba vina uhusiano. Monica Wilson, aliyekaa Unyakyusa pamoja na mumewe kati ya mwaka 1934 na 1938, aliandika kwamba watu waliamini habari ya "pumzi ya watu": majirani wakimnung'unikia mtu aliyekosa, manung'uniko yao humjia kama baridi mwilini, akaugua. Imani hiyo iliwafundisha watu kuishi kwa adabu na jirani zao. Lakini huenda mtu aliyeshikwa na baridi ya homa ya matende aliuliza kwanza ni nani mwenye kinyongo naye, wala hakutazama dimbwi lililo nyuma ya nyumba yake.

Uganga wa Kizungu uliingia kwa njia ya ziwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 1875 meli ndogo iitwayo Ilala iliwaleta Waskoti wa misioni ya Livingstonia, na kati yao alikuwamo daktari Robert Laws. Mwaka 1876, huko Cape Maclear upande wa kusini wa ziwa, Laws alimlaza mgonjwa usingizi kwa klorofomu na kumwondolea uvimbe karibu na jicho. Hiyo yahesabiwa kuwa operesheni ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika ya Kati. Mwenzake, daktari Kerr Cross, alikaa upande wa kaskazini, akawatibu majeruhi wa vita vya Mlozi huko Karonga, miaka ya 1887 hadi 1889, kisha akazuru nchi ya Wakonde na kuandika juu ya maziwa yake ya milimani.

Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianza kazi Rungwe, na mwaka 1894 wakashuka tambarareni na kujenga Ipyana. Hao nao waliijua homa ya nchi hii: George Martin, mmoja wa wale wa kwanza, alikufa mwaka ule ule wa 1891. Zamani za Wadachi alikuwako daktari wa jeshi, Friedrich Fülleborn, aliyesafiri katika nchi za Nyasa na kuandika kitabu kikubwa juu yake, kilichotoka mwaka 1906. Aliporudi Hamburg alichunguza minyoo ya damu na jinsi ichukuliwavyo na mbu.

Waganga hawa walifanya mengi: walifunga vidonda, wakang'oa meno, wakagawa kwinini. Lakini kwa mguu wa matende hawakuwa na dawa, na maji ya busha waliweza kuyatoa kwa sindano tu, nayo yalirudi.

3. Jinsi mnyoo ulivyojulikana

Habari za kujulikana kwa mnyoo huu ni ndefu, nazo zilipita katika nchi nyingi. Mwaka 1863 Demarquay, daktari wa Paris, aliona vijinyoo vidogo sana katika maji ya busha ya mgonjwa aliyetoka Havana. Mwaka 1866 Wucherer aliviona katika mkojo wa wagonjwa wa Bahia, nchi ya Brazili. Mwaka 1872 Lewis akaviona katika damu, mjini Calcutta. Ndipo mwaka 1876 Joseph Bancroft wa Brisbane, Australia, akampata mnyoo mzima mwenyewe. Kwa heshima ya Wucherer na Bancroft mnyoo huo waitwa Wuchereria bancrofti.

Mnyoo wa kike una urefu wa sentimita 8 hadi 10, nao ni mwembamba kama uzi. Hukaa katika ile mishipa midogo ichukuayo maji ya mwili na kuyarudisha katika damu. Mishipa ikiharibika, maji hukosa njia. Ndiyo sababu ya uvimbe. Mnyoo mzima huishi miaka mingi, mara nyingi minne hadi sita, na kila siku huzaa vijinyoo kwa maelfu.

Mwaka 1877 Patrick Manson, Mskoti aliyefanya kazi Amoy katika China, alifanya jambo la ajabu. Alikuwa na mtumishi aitwaye Hin Lo, mwenye vijinyoo katika damu yake. Manson alimlaza mahali penye mbu, na asubuhi akawakusanya mbu waliokwisha kushiba damu, akawapasua mmoja mmoja chini ya hadubini. Aliona kwamba katika tumbo la mbu vijinyoo havifi, bali hukua. Baadaye akagundua kwamba vijinyoo hujaa katika damu ya juu wakati wa usiku, saa ambazo mbu huuma.

Hata hivyo Manson alidhani kwamba mbu hufa majini, na mtu hupata mnyoo kwa kunywa maji hayo. Ikapita miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 1900 kijana wake George Low, akichunguza mbu waliotumwa kutoka Australia na mwana wa Bancroft yule yule, aliwaona vijinyoo wakiwa ndani ya mrija wa kuumia wa mbu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mbu mwenyewe ndiye apandaye mbegu. Tangu siku hiyo chandarua kikawa dawa ya matende kama kilivyo dawa ya malaria.

4. Dawa imezwayo na kijiji kizima

Kujua si kuponya. Mwaka 1947 ilipatikana dawa ya kwanza iuayo vijinyoo katika damu, iitwayo kwa jina la biashara Hetrazan. Lakini mtu mwenye minyoo ya usubi, ule ugonjwa uletao upofu, akiimeza, huweza kudhurika macho vibaya. Bonde la Kyela lapakana na vilima vya Rungwe, ambako usubi wa mito ya kasi wajulikana sana. Kwa hiyo dawa hiyo haikufaa kugawiwa watu wote.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Oram aliandika juu ya ugonjwa huu katika fuko za kaskazini za ziwa letu. Basi wataalamu walijua kwamba uko, bali miaka mingi tena ilipita watu wakiendelea kuvimba.

Msaada ulitoka mahali pasipotazamiwa. Katika Japani mtaalamu Satoshi Ōmura aliokota udongo wenye kijidudu kilichotoa dawa, na William Campbell, katika kampuni ya Merck huko Marekani, akaona kwamba dawa hiyo yaua minyoo. Jina lake ni ivermektini, na mwaka 2015 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1987 kampuni iliahidi kuitoa bure kwa ajili ya usubi. Mwaka 1998 ahadi ikaongezwa kwa matende, na kampuni nyingine ikatoa bure dawa ya albendazole ili zimezwe pamoja.

Tanzania ilianza kazi hiyo mwaka 2000 katika kisiwa cha Mafia, na Zanzibar mwaka 2001. Huku Kyela ugawaji kwa ajili ya matende ulianza mwaka 2009. Namna yake ni hii: mgawa dawa ni mtu wa kijiji hicho hicho. Hupima watu kwa fimbo yenye alama, kwa maana kiasi cha ivermektini hufuata kimo cha mtu. Mtoto asiyefika sentimita 90, mwanamke mwenye mimba, mzazi wa juma la kwanza, na mgonjwa mahututi hawapewi. Waliobaki wote humeza, mwenye uvimbe na asiye na uvimbe, mara moja kwa mwaka.

Wengi waliuliza: "Mimi si mgonjwa, kwa nini nimeze dawa?" Jibu ni kwamba dawa hii huua vijinyoo vya damuni, lakini minyoo mikubwa mingi huisalimisha. Mtu aonekanaye mzima aweza kubeba vijinyoo vya kumwambukiza jirani. Budi basi kijiji kizima kimeze, mwaka baada ya mwaka, mpaka minyoo mikubwa izeeke na kufa bila kuacha uzao.

Matokeo yalipimwa hapa hapa petu. Wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mbeya, pamoja na wenzao wa Munich, walipima damu za watu wa Kyela. Mwaka 2009 zaidi ya robo ya waliopimwa walikuwa na alama ya mnyoo. Walipopima tena mwaka 2019, hawakufika hata watu 2 katika 100.

Kwa damu hizo hizo za watu wa Kyela jambo jingine lilijulikana, likatangazwa mwaka 2016. Watu wenye mnyoo huu waliambukizwa virusi vya UKIMWI kiasi cha mara mbili kuliko wenzao wasio na mnyoo. Si kwamba mbu au mnyoo huleta UKIMWI, la; bali yaonekana mnyoo huufanya mwili uwe mwepesi wa kupokea virusi. Kabla ya hapo wataalamu walishuku tu; ushahidi wenye nguvu ulitoka kwa wakulima wa mpunga wa bonde hili, waliokubali kutoa damu yao mwaka baada ya mwaka.

5. Dawa yenye shabaha

Dawa za zamani zilikuwa kama moto wa kuchoma pori: huua kibaya, na kizuri pia hupata joto. Uganga wa siku hizi hutafuta mahali pamoja ambapo adui ategemea, ukapiga hapo tu.

Mfano mkubwa ni wa saratani ya damu. Mwaka 1960, katika mji wa Philadelphia, Nowell na Hungerford waliona kwamba wagonjwa wa aina moja ya saratani hiyo wana alama ndogo iliyoharibika ndani ya chembe za damu. Mwaka 1973 Janet Rowley alionyesha kwamba vipande viwili vya urithi vimebadilishana mahali. Badiliko hilo huzaa kimeng'enya kimoja kinachoamuru chembe ziongezeke bila kikomo. Dawa ya imatinibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, hukizuia kimeng'enya hicho. Mgonjwa huimeza nyumbani, na wengi ambao zamani wangalikufa katika miaka michache wameishi miaka mingi. Wagonjwa wa Nairobi na Dar es Salaam pia wameipata kwa njia ya msaada.

Kwa matende jambo la namna hiyo lilifanyika katika nchi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1970 wataalamu waliona kwa hadubini yenye nguvu kwamba ndani ya mnyoo mnaishi vijidudu vingine, vinavyoitwa Wolbachia, na mnyoo hauwezi kuzaa wala kuishi vema pasipo hivyo. Basi wakafikiri: mnyoo ni mgumu, lakini mpangaji wake ni dhaifu, tumwue mpangaji. Katika kijiji cha Kimang'a, wilaya ya Pangani, watu 72 wenye mnyoo walikubali kujaribiwa. Wengine walimeza doksisaiklini, dawa ya siku nyingi na ya bei ndogo, kila siku kwa majuma 8. Wengine walimeza vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi 14 wanaume walichunguzwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Katika 27 waliomeza dawa, minyoo hai ilionekana kwa 6 tu. Katika 27 wengine, ilionekana kwa 24. Habari hizo zilitolewa mwaka 2005, na daktari Makunde wa Tanzania alikuwa mmoja wa waandishi wake.

Doksisaiklini haifai kugawiwa kijiji kizima, kwa maana majuma ni mengi, na watoto na wenye mimba hawaruhusiwi. Lakini kwa mgonjwa mmoja aliye chini ya daktari, ni silaha iliyo mkononi.

6. Kisu cha siku moja

Vidonge havikaushi busha kubwa. Kazi hiyo ni ya kisu. Madaktari wa Ulaya, kama Winkelmann wa Ujerumani na Jaboulay wa Ufaransa, walionyesha zaidi ya miaka mia iliyopita kwamba haitoshi kuyatoa maji. Lazima ule mfuko unaoyakusanya ukatwe, au ugeuzwe na kushonwa, ili maji yasirudi. Jambo hilo si gumu kwa daktari aliyefundishwa. Lililokuwa gumu ni mengine: njia ya kwenda hospitali, fedha, na siku nyingi za kulala kitandani.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtu aliyepasuliwa hana budi kulala siku nyingi. Wa kwanza kuipinga desturi hiyo kwa hesabu alikuwa James Nicoll wa Glasgow. Mwaka 1909 alieleza kwamba katika miaka kumi watoto 8,988 walipasuliwa katika hospitali yake na kurudi nyumbani siku ile ile, mikononi mwa mama zao. Akasema mama ni muuguzi mwema. Wengi hawakumsikiliza, na desturi yake ilikuja kukubaliwa baada ya miaka mingi, sindano za ganzi zilipokuwa bora na dawa za kuzuia usaha zilipopatikana.

Leo busha la kawaida laweza kupasuliwa kwa ganzi, na mgonjwa aliye salama akarudi kwake siku hiyo au kesho yake. Lililo kubwa mno, au mgonjwa mwenye udhaifu mwingine, hubaki hospitalini. Katika mikoa ya Tanga, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara zimefanyika kambi ambamo madaktari huwapasua wanaume wengi kwa siku chache.

Mtu wa mjini aweza kuona jambo hili kuwa dogo. Lakini mkulima wa Bujonde alalaye hospitalini majuma mawili ahitaji ndugu wa kumpikia, na wawili hao wanapokosekana shambani, ndege hula mpunga. Siku moja aweza kuipata. Tena yuko mwenye aibu, aliyejificha miaka kumi, asiyekwenda mkutanoni wala kanisani. Huyo huona nafuu akienda asubuhi na kurudi jioni pasipo maneno mengi. Ila akumbuke kukiweka kidonda kikavu, kurudi kuonyesha, na kutoshika jembe mpaka aruhusiwe.

7. Yaliyobaki

Ng'ambo ya Mto Songwe jirani zetu wa Malawi wamekwisha kufika mbali. Mwaka 2020 Shirika la Afya la Dunia lilithibitisha kwamba matende si tatizo la umma tena katika nchi hiyo, na wilaya ya Karonga, iliyokuwa na ugonjwa mwingi, ilikuwa ndani ya kazi hiyo. Jambo lililowezekana Karonga lawezekana Kyela.

Lakini ushindi wa namna hii una hatari yake. Mnyoo ukipungua, watu husahau. Walimu, wafundisheni watoto habari ya mbu na mnyoo, na kwa nini mtu mzima humeza dawa pale ipoitishwa. Tena mkomesheni mtoto amchekaye mwenziwe kwa mguu wa babu yake. Wazee wa usharika, mnawajua wanaume wasioonekana tena hadharani. Mmoja wenu aende kwa siri, amwambie kwamba busha lina tiba, na kumsindikiza hospitalini.

Wako tena wale ambao takwimu njema za mwaka 2019 hazikuwagusa. Ni wazee waliovimba miguu kabla dawa haijaja. Kwao vidonge vimechelewa, na kisu mara nyingi hakifai. Hao wakisikia kwamba matende yamekwisha Kyela, hutazama mguu wao na kunyamaza.

Hata hao wana tiba, nayo haihitaji kiwanda. Gerusa Dreyer, daktari wa Recife katika Brazili, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mguu wa matende hauharibiki kwa mnyoo peke yake, bali kwa vijidudu viingiavyo katika nyufa za ngozi na kuleta homa. Mguu ukioshwa kila siku kwa sabuni na maji safi, ukakaushwa vema hata katikati ya vidole, vidonda vikapakwa dawa, ukainuliwa wakati wa kupumzika, na kuvikwa kiatu kisichobana, homa hupungua, harufu huondoka, na mtu huweza kukaa tena pamoja na watu. Mzee asiyeweza kuinama hadi kwenye kidole chake ahitaji mtu mwingine wa kumwoshea. Beseni, sabuni na kitambaa viko katika kila nyumba ya usharika huu. Kilichopungua ni mtu wa kuvichukua na kwenda.